Mtoto Ameshiba, Mbona Haongezeki?

Katika darasa letu moja wilayani Muleba, mama mmoja alikuja na kadi ya kliniki ya mwanawe. Alifurahi kwa sababu sasa anaisoma mwenyewe. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulifuata zile nukta pamoja, mwezi kwa mwezi. Mpaka miezi sita zilipanda vizuri. Baada ya hapo mstari ulilala.

Mama alishangaa. "Lakini mwalimu, huyu anakula ndizi mpaka tumbo linakaza! Hajalala njaa hata siku moja."

Alisema kweli. Vibanja vyetu vya Bukoba na Muleba vina migomba mwaka mzima. Hata hivyo, utafiti wa lishe wa nchi nzima wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Kagera, karibu watoto 40 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Maana yake, walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa Tanzania nzima walikuwa karibu 32 kati ya 100. Basi ni nini?

Ndizi si chakula kibaya. Inatupa nguvu ya kushika jembe. Lakini ina protini kidogo na mafuta kidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyomjenga mtoto. Tumbo lake ni dogo. Likijaa ndizi tupu, maharage na dagaa vitaingia wapi? Ndiyo maana shibe peke yake haitoshi kutuambia kama mtu ana lishe nzuri. Lazima tupime.

Kupima kunaanza mtoto akiwa bado tumboni. Hebu tufanye hesabu: siku 270 za mimba, jumlisha 365 za mwaka wa kwanza, jumlisha 365 za mwaka wa pili. Jibu ni 1,000. Udumavu mwingi hutokea ndani ya siku hizo, na ukishapita umri huo ni vigumu sana kuurudisha nyuma. Kwa hiyo mama mjamzito apimwe uzito na damu kila aendapo kliniki. Viganja vikiwa vyeupe, na nyama ya ndani ya kope ikiwa nyeupe, huenda damu imepungua. Huku kwetu malaria nayo hupunguza damu.

Zamani kwa Wahaya mwanamke aliokota senene, akawakaanga, kisha akampelekea mume. Yeye hakuruhusiwa kula. Senene wana protini na mafuta mengi! Sisi tunaona aliyehitaji zaidi ndiye aliyenyimwa.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupimwa pia kwa utepe wa mkono wenye rangi. Mhudumu wa afya wa kijiji anao. Kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, ni hatari. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari kubwa; mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuna jambo jingine. Bonyeza miguu yote miwili juu ya nyayo kwa kidole gumba, kisha achia. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, usimwite mnene. Huo ni uvimbe wa utapiamlo, na safari ni ile ile.

Utepe, lakini, hauonyeshi udumavu. Kwa hilo mtoto lazima apimwe urefu.

Na sisi watu wazima je? Chukua uzito kwa kilo. Ugawe kwa urefu wako wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mtu mwenye kilo 46 na urefu wa mita 1.60 anapata karibu 18. Chini ya 18.5 amekonda mno. Kuanzia 25 uzito umezidi, na 30 na zaidi ni unene wa kuleta shinikizo la damu na kisukari. Wengine huita kitambi heshima, lakini mizani haijui heshima. Hesabu hii si ya wajawazito wala watoto.

Wazee husahaulika kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na baadaye bibi wengi walibaki wanalea wajukuu. Mwaka 2003, pale Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapa wazee pensheni ndogo. Bibi akiwa na kidogo, humpa mjukuu kwanza. Mtazame: gauni limelegea? Meno ya kutafunia yapo? Anapumzika mara mbili njiani kwenda kisimani? Mpikie laini, mpondee maharage, na apelekwe apimwe kama wengine.

Yule mama hakuacha ndizi. Alianza kuziponda pamoja na maharage na dagaa waliosagwa, akaongeza parachichi, akamlisha mtoto mara nne kwa siku badala ya mbili. Alipokuja tena na kadi, nukta mbili za mwisho zilikuwa zimepanda. Akatuuliza kama utepe ule unaweza kumpima na mama mkwe wake. Tulimjibu kwamba rangi zile ni za watoto, lakini ampeleke Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wamwangalie.