Jogoo wa Khwisero Apimwe Pia Sufuriani

Mpishi yeyote wa Khwisero, Kaunti ya Kakamega, anajua kwamba broila huiva upesi, ilhali jogoo wa kienyeji humaliza kuni. Chanzo ni umri na mwendo. Broila huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Jogoo wa boma ameparura udongo miezi mingi. Kadiri anavyokomaa, kolajeni inayoshikilia misuli yake hufungamana na kuwa ngumu kuyeyuka. Moto wa taratibu huigeuza jelatini, ndiyo maana mchuzi wake huwa mzito na kuganda ukipoa. Paja lake nalo ni jekundu kwa sababu misuli inayofanya kazi sana huwa na mayoglobini nyingi.

Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya, huko Naivasha wamezalisha kuku wa kienyeji walioboreshwa, wanaokua haraka na kutaga zaidi. Mjini Kakamega kwenyewe ipo taasisi ya KALRO ya wanyama wasiocheua. Kazi hiyo naiunga mkono, ila kasi ina gharama: kwingineko duniani, broila wanaokuzwa haraka mno wamepatwa na tatizo la kifua kuwa kigumu na kupauka, na nyama yake hutafunika vibaya.

Hata hivyo, mbegu bora haina maana ikiwa ugonjwa wa kideri utafagia boma zima. Chanjo nyingi za kideri huharibika zisipowekwa kwenye baridi. Ile ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji, huvumilia joto kiasi. Unamshika kuku, unamlaza ubavu, unadondosha tone moja jichoni, unangoja apepese; baada ya miezi mitatu au minne unarudia. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, majirani inabidi wapange siku ya pamoja. Kutafuta namna ya kuipanga siku hiyo nako ni utafiti, na kunastahili fedha.

Lishe pia inabadilika. Omena hugombewa na watu na kuku, na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu jijini Nairobi, imeonyesha kwamba mabuu ya nzi askari mweusi, yanayofugwa kwa mabaki ya vyakula, yanaweza kushika nafasi yake.

Kwa hivyo, kabla ya kusambaza aina mpya ya kuku, watafiti wapime ulaini kwa kifaa cha Warner-Bratzler, kinachoonyesha nguvu inayohitajika kukata kipande cha nyama. Kisha wawaalike akina mama wa Khwisero, wawapikie nyama hiyo pamoja na ya kienyeji bila kuwaambia ipi ni ipi, na majibu yao yaandikwe kwenye ripoti pamoja na kilo na mayai.