Vidonge vya Kiharusi Visiachwe Njiani

Hapa Lumakanda ninaye jirani, mwalimu mstaafu, ambaye kiharusi kiliupooza mkono wake wa kulia, mkono ule ule ulioshika chaki miaka na miaka. Baada ya mazoezi ya miezi kadhaa aliweza tena kuinua kikombe. Hapo ndipo alipoacha kumeza statini. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: "Mwalimu mwenzangu, hiyo ni dawa ya mafuta. Mimi ni mwembamba kama fito. Mafuta ninayo wapi?"

Nilicheka, kisha nikahuzunika. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mbona sisi hatushtuki?

Ni kweli kwamba statini, ambazo Mjapani Akira Endo alizigundua katika kuvu miaka ya 1970, hupunguza kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo katika damu. Lakini hiyo si kazi yake pekee. Aghalabu kiharusi hutokea damu iliyoganda inapoziba mshipa wa ubongo, na damu huganda kwa msaada wa protini maalumu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba rosuvastatini, ikitumiwa kwa siku 28, hupunguza kwa kiasi protini ya nane miongoni mwa hizo. Waliochunguzwa walikuwa wamewahi kugandiwa na damu miguuni au mapafuni, si ubongoni, hivyo tusidai zaidi ya ushahidi.

Kuhusu kiharusi chenyewe, utafiti wa mwaka 2006 uliwafuata wagonjwa 4,731 kwa takriban miaka mitano. Miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa, asilimia 13.1 walipatwa na kiharusi tena. Miongoni mwa waliomeza atorvastatini, asilimia 11.2. Tofauti ni ndogo, ila ina maana kwa aliyenusurika. Hata hivyo, kiharusi cha kuvuja damu kiliongezeka: wagonjwa 55 dhidi ya 33. Ndiyo maana kuanza dawa hii na kuiacha ni uamuzi wa kufanywa pamoja na daktari, wala si wa mgonjwa peke yake wala wa jirani.

Nawe mwanafunzi, ukifika nyumbani mwulize babu au nyanya aliyewahi kupatwa na kiharusi: vidonge bado vipo? Vikiwa vimekwisha, mkumbushe arudi kliniki kabla kiharusi hakijarudi.