Kwa Nini Uulizwe Jina na Tarehe ya Kuzaliwa Kila Ufikapo Hospitali

Akina Fatuma Ali ni wengi Port Reitz. Mhudumu aliyechoka akichagua jina lisilo sahihi kwenye kompyuta, mgonjwa anaweza kupewa dawa za mwingine. Ndiyo maana mfumo wa rekodi unafaa kutengenezwa kufuatana na kazi ya mhudumu: skrini ionyeshe pamoja jina, umri na dawa zinazomdhuru mgonjwa.

Mfumo unaofaa huokoa muda pia. Kituo cha Afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilipoanza kutumia kompyuta mwaka 2001, muda wa wagonjwa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38.

Wakazi wanahimizwa kubeba kitambulisho, kutaja majina yote matatu na kumweleza mhudumu mapema dawa zinazowadhuru.