Shakwe Mnyang'anyi

Kaskazi inapoanza kuvuma, hutokea Saadani mgeni mweupe mwenye mgongo mweusi na miguu ya manjano. Utamwona kwenye mlango wa mto Wami, au amesimama katika mashamba ya chumvi. Huyu ni shakwe. Bila shaka unamfahamu kwa wizi wake.

Hebu mtazame baharini. Buabua, ndege mdogo mwembamba, hujitupa majini na kuibuka na samaki. Shakwe anajua kuvua, lakini akiona mwenziwe amepata, kwa nini ajisumbue? Humfukuza buabua huku na huku, mpaka mnyonge huyo anaachia samaki wake. Shakwe humdaka kabla hajafika majini. Nchi kavu hula matumbo ya samaki, na hudokoa dagaa na kamba walioanikwa. Wewe unayeanika, tandaza wavu mkuukuu juu ya samaki wako na uubane kwa mawe.

Shakwe hunywa maji ya bahari bila kudhurika. Juu ya macho yake mna tezi zinazochuja chumvi kutoka katika damu, nayo hutoka puani kwa matone. Ukimwona akitikisa kichwa, hana mafua, anatupa chumvi.

Kwao ni mbali sana. Wengine hutoka Ufini, wengine kaskazini ya Urusi. Huko jike hutaga mayai 2 au 3 ardhini, na baba na mama huyaatamia kwa zamu, karibu wiki 4. Kinda akiona njaa hugonga doa jekundu lililo kwenye mdomo wa mzazi, naye humtapikia chakula. Kinda huwa wa kahawia, na huchukua miaka 4 hivi kupata mgongo mweusi. Kwa hiyo yule shakwe wa kahawia unayemwona huenda ni kijana wa hao hao, wala si ndege mwingine.

Kabla baridi haijazidi kwao na maziwa na mito kuganda, huondoka na kuja kwetu. Mnamo Aprili, kusi inapoingia, wengi wameshaondoka.

Wataalamu wa Ufini huwavisha baadhi yao pete ya chuma mguuni, yenye namba na jina la mji wa Helsinki. Ukimkuta shakwe amekufa ufukweni, usimshike kwa mikono mitupu. Lakini akiwa na pete, isome. Andika namba zote, tarehe na mahali, upeleke karatasi hiyo kwa askari wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mengi tuyajuayo juu ya safari za ndege huyu yalitokana na watu waliosoma pete kama hizo na kuandika barua.