Pua Ilitangulia Sindano

Miaka ile ya korona, katika chumba chetu cha chanjo huku Temeke, watu walikuja kushtaki. "Nesi, sindano yenu imeniua pua." Huyu alikuwa mama lishe wa jirani, ambaye namwamini kwa pilau kuliko kwa tarehe.

"Mama, harufu ilikupotea lini?"

"Tangu Ramadhani. Homa ikanilaza, nilipoinuka kitunguu kinaungua sisikii mpaka wateja wapige kelele."

Kadi yake ilionyesha amechanjwa Agosti 2021. Ramadhani ya mwaka ule iliisha Mei. Nikamwonyesha, akacheka, lakini kukubali hakukubali.

Simlaumu. Homa huisha, mabaki yake yakadumu, na mtu hutafuta wa kumbebesha. Shirika la Afya Duniani, Oktoba 2021, lilieleza hali hii ya baada ya korona: dalili zinazojitokeza kwa kawaida ndani ya miezi 3 tangu kuugua, zikadumu angalau miezi 2, bila sababu nyingine inayojulikana. Uchovu usioisha kwa kulala, kuhema, kusahausahau. Kwenye pua, kirusi hushambulia zaidi seli zinazozihudumia neva za harufu kuliko neva zenyewe. Ndiyo maana wengi hupona polepole. Wengine harufu huwarudia kombo, kahawa ikawanukia kama kitu kilichoungua.

Sindano yenyewe, ya Johnson & Johnson, ndiyo aliyochomwa Rais Samia hadharani tarehe 28 Julai 2021. Haina kirusi cha korona ndani. Ina kirusi kingine, cha jamii iletayo mafua ya kawaida, kilichonyimwa uwezo wa kuzaliana, kinachobeba maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu: mwiba wa korona. Mwili unautengeneza, kinga inausoma, inaukumbuka. Homa ya siku moja au mbili hutokana na kazi hiyo. Madhara makubwa yapo, sifichi: damu kuganda isivyo kawaida, kwa watu wachache mno katika kila milioni. Ila pua iliyokwisha kuharibika chanjo hairudishi, maana si dawa. Wala haizuii kila maambukizi. Aina mpya ya kirusi, Omicron, ilipoingia mwishoni mwa 2021, waliochanjwa nao waliugua, lakini hatari ya kuzidiwa ilikuwa ndogo kwao.

Kwa pua kuna zoezi, lililojaribiwa Dresden, Ujerumani, na Thomas Hummel na wenzake, matokeo yakachapishwa 2009. Unanusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi: waridi, limau, karafuu, mkaratusi. Unanusa kwa utulivu, kila moja kwa sekunde chache, huku ukijaribu kuikumbuka ilivyokuwa. Si wote husaidika, lakini gharama yake ni ndogo.

Mama lishe karafuu na limau anavyo jikoni. Badala ya waridi akachukua marashi. Mkaratusi aliukataa katakata. Alisema nyungu za majani yake alizojifukiza zimemtosha.