Sikio ndilo linalokaanga kahawa

Kwa miaka mingi kazi ya mkulima wa kahawa Kilimanjaro iliishia kwenye gunia. Alichuma, akamenya, akaanika, akapeleka chamani. Yaliyofuata yalikuwa ya mnada wa Moshi, ya meli, na ya viwanda vya Ulaya na Japani. Hata Wachagga walipounda chama chao cha kwanza mwaka 1925, wakati walowezi wakitaka wazuiwe kulima zao hili, na ilipozaliwa KNCU, muungano wao wa ushirika, mwaka 1933, walichopigania ni haki ya kupanda na kuuza. Kukaanga hakukuwamo. Nyumbani kwenyewe wengi walikunywa chai.

Ndiyo maana darasa la Materuni lilinivutia. Katika kijiji hiki cha Uru, juu ya mji wa Moshi, zipo kaya zinazofundisha wageni kukaanga kahawa kwa mikono yao wenyewe. Darasa ni banda la miti kando ya migomba: mafiga matatu, kinu, mchi, ungo, na sufuria iliyokwisha kuwa nyeusi ndani na nje.

Mama aliyetupokea hakuanza na moto. Alianza na hesabu. Kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu hutoa kilo 1 tu ya buni, na hiyo nayo ikikaangwa hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake. Mtu akishatwanga kahawa kavu kinuni mpaka ganda litoke, akapepeta, akaokota mbovu moja moja, haoni tena ajabu mkulima akilalamikia bei. (Nyimbo za kutwangia, nadhani, zimenogeshwa kidogo kwa ajili ya wageni. Mchi, hata hivyo, ni mzito kwelikweli.)

Kisha moto. Buni mbichi ni ya kijani iliyofifia na hunuka nyasi. Dakika za mwanzo hakuna kinachoonekana kutokea, na hapo ndipo mgeni huchoka akaacha kukoroga. Akiacha, zile za chini huungua upande mmoja. Rangi hugeuka manjano, harufu ikawa ya mkate, halafu hudhurungi, na moshi ukaanza kuwasha macho.

“Mama, sasa?”

“Bado, mwanangu. Acha kuitazama. Isikilize.”

Ikaanza kupasuka kama bisi. Joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke uliobanwa ndani ya punje huipasua, nayo huvimba. Ukiepua muda mfupi baada ya mlio huo, unapata kahawa yenye uchachu na utamu wa matunda, sifa zinazoipa arabika ya mlimani jina. Ukingoja mlio wa pili, ulio mwembamba na wa haraka, mafuta hutokea juu ya punje na uchungu hutawala. Wauza kahawa wa pwani, wanaoiuza na kashata, hupenda ya namna hiyo. Mie pia, ingawa mama alinitazama kwa huruma nilipomwambia.

Ikiepuliwa inamwagwa ungoni na kupepetwa upesi, kwa sababu punje zikibaki na joto lake huendelea kujikaanga zenyewe.

Tusidanganyane: kahawa ya sufuria na kuni haiivi sawasawa. Ndani ya kikombe kimoja mna punje zilizozidi na zilizopungua, na mnunuzi wa kimataifa asingeikubali. Lakini anayefundisha hapa sasa anajua ladha ya shamba lake, jambo ambalo muuza gunia hakulazimika kulijua, na pakiti anayouza mlangoni bei yake anaipanga mwenyewe.

Wanafunzi wenzangu wote walikuwa Wazungu. Watanzania hupita njia hiyohiyo kwenda kupiga picha kwenye maporomoko ya maji, kisha wakarudi Moshi kunywa soda. Anayetaka kuanzia mtini aende kati ya Julai na Desemba, msimu wa kuchuma. Miezi mingine somo huanzia kwenye kinu.