Glavu Hazinawi Mikono

Wasimamizi wa makao ya wazee wana swali moja lisilozeeka: tununue glavu za aina gani ili wazee wetu wasiambukizane? Swali lenyewe ni bovu. Linadhani kinga hununuliwa kwa katoni. Mfuateni mhudumu wenu asubuhi moja, dakika kumi tu. Amevaa glavu, anambadilisha bibi nepi, anavuta shuka, anashika ukingo wa kitanda, anaurekebisha mpira wa mkojo, anafungua kitasa, kisha anamwinua babu wa chumba cha pili na kumlisha uji. Glavu ni zile zile. Mkono wa mhudumu umekingwa. Aliyepelekewa uchafu ni babu.

Hata huyo mvaaji hakusalimika kama anavyodhani. Glavu nyingine huwa na vitundu visivyoonekana, nyingine hupasuka kazini, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Asiyesadiki achukue manjano, ayakoroge na mafuta, ampake mhudumu juu ya glavu, amwambie azivue kama anavyozivua siku zote, kisha atazame vifundo vya mikono. Kibaya zaidi, glavu hupumbaza: watafiti waliofuatilia wahudumu katika hospitali za Uingereza walikuta kwamba waliovaa glavu walinawa mara chache kuliko wasiovaa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba glavu si mbadala wa kunawa. Unanawa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua. Wapo wanaojibu kwamba wahudumu wao huzipaka spiriti kati ya mzee na mzee. Jamani, glavu ya kutumia mara moja jina lake limeshasema. Wala simwambii mtu ashike damu au kinyesi mikono mitupu: azivae kwa kazi hiyo, na ikiisha azitupe kabla hajageukia kitanda kingine.

Linabaki pingamizi la vyeti: wahudumu wetu wameshafundishwa. Lakini kufundishwa si kuzoea. Virusi vya korona vilipoingia katika nyumba moja ya wazee huko Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, hadi Machi 9, 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 129 waliohusiana nayo, 81 kati yao wakazi. Wachunguzi walikuta katika nyumba za wazee za eneo hilo, pamoja na upungufu wa vifaa, wahudumu waliokuja kazini wakiumwa, waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, na wasiozoea kutumia vifaa vya kujikinga. Mazoea hayapatikani ukumbini kwa slaidi na soda. Basi fundisheni kando ya kitanda, robo saa, mara kwa mara, na awepo mtu wa kutazama na kusahihisha papo hapo bila kufokea. Waingizeni mpishi, msafishaji na watu wa zamu ya usiku. Kitakasa mikono chenye spiriti kiwe karibu na kila kitanda, kisuguliwe sekunde 20 hadi 30. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Kukizuka kuhara, rudini kwenye sabuni na maji tiririka, kwa sababu spiriti haiui mbegu za bakteria Clostridioides difficile, na vitasa vifutwe kwa klorini. Na mhudumu anayeumwa alale kwake huku akilipwa. Mkimkata posho ya siku hiyo, atakuja na kikohozi chake.